Mikwaruzo Kumi na Tisa ya Upande wa Pili

Wiki yangu ya mwisho kazini, Neema wa meza ya kompyuta aliniita nisikilize kitu. Neema ndiye aliyepewa kazi ya kuhamishia santuri zetu za zamani kwenye kompyuta, na anaifanya vizuri sana. Kasoro yake ni moja tu, anapenda usafi kuliko anavyopenda muziki.

"Mama Yudita," akaniambia, "hii ya Spana Jazz upande wa kwanza uko mzima. Upande wa pili kuna mzee anaongea Kiiraqw, halafu kila akimaliza sentensi kuna mkwaruzo. Nimehesabu, ni kumi na tisa. Nikibonyeza hapa tu, yote inaondoka."

Nikamwambia atoe mkono wake hapo mara moja. Nilisema kwa ukali, na binti wa watu akashtuka hadi akamwaga chai. Samahani, Neema. Sikuwa na nafasi ya kukueleza siku ile, maana keki ya kuniaga ilikuwa inasubiri na meneja alikuwa ameshaanza hotuba. Sasa niko nyumbani, kuku wamekula, mgongo umetulia, nimeshika kalamu. Mliniomba niandike ya kazini. Vyeo nitawaachia waliovitaka. Nitawaandikia kuhusu wembe, na kuhusu kosa nililofanya kwa wembe huo nikiwa na kiburi cha mwaka wangu wa pili.

Mimi niliingia studio kupitia cherehani. Miaka hiyo ya sabini studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la Bwana Kasam, pale Arusha. Mbele aliuza vitambaa, betri na santuri. Barazani walikaa mafundi cherehani, wanaume watupu, nami msichana niliyetoka Usangi nikapewa kiti cha mwisho karibu na mfereji. Siku moja nikaambiwa nishone mapazia mazito ya chumba cha nyuma. Nikaingia na mkasi, nikakata kitambaa palepale sakafuni. Nyuma yangu alisimama mtu mfupi, ana penseli ya nta ya njano sikioni. Huyo alikuwa Mzee Zuberi, fundi mitambo, mtu wa Tanga.

"Wewe binti, mbona hukuchora chaki kabla ya kukata?"

"Naona panapotakiwa kukatwa, mzee."

"Na kama huoni? Kama unasikia tu?"

Sikumwelewa. Akaniketisha mbele ya mashine ya tepu, akanishikisha rili mbili, yale magurudumu ya utepe, moja kila mkono, akaniambia nizizungushe polepole mbele na nyuma. Sauti ya mtu ikawa inanguruma kama ng'ombe mgonjwa. "Tafuta pale anapovuta pumzi kabla ya neno," akasema. Nikapatafuta, nikapapata. Akaweka alama kwa penseli ya nta, akanipa wembe. Tangu siku ile sikurudi barazani, na mafundi cherehani walininunia mpaka Krismasi.

Nyinyi mkikosea mnabonyeza na kinarudi. Sisi tulikata kweli. Utepe ni mwembamba kuliko upindo wa kanga, unaukata kwa mshazari, unaunganisha kwa gundi yake, unapita na ukucha juu. Wembe ukishika sumaku, kila kiungo kinatoa mlio mdogo, tik, na mlio huo hautoki tena hadi Kiyama. Mzee Zuberi alikuwa na amri zake, alizirudia kila asubuhi kama mtu anayesali. Wembe mpya kila siku. Usiguse utepe kama umekula sambusa. Kipande ulichokikata usikitupe mpaka mwenye sauti asikilize. Na lugha usiyoijua usiikate mpaka mwenye lugha akae kitini pembeni yako. Hii ya mwisho ndiyo niliyoivunja.

Spana Jazz walituandikia barua kutoka Karatu. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni, ila karatasi ilikuwa na alama za vidole za grisi. Walikuwa mafundi wa gereji katika shamba moja la kahawa, huko juu upande wa Oldeani. Walisema wana nyimbo mbili tayari kwa santuri, lakini msimamizi hawezi kuwaruhusu wote kuondoka kwa pamoja wakati kahawa inaiva, je, studio inaweza kwenda kwao? Bwana Kasam alicheka. Kisha akafikiri, kwa sababu alikuwa na Peugeot na alikuwa anapenda kuona tembo. Akatutuma mimi na Mzee Zuberi, yeye mwenyewe akabaki na malaria. Tembo hakuwaona.

Barabara enzi hizo ilikuwa vumbi toka Makuyuni. Mashine ya tepu niliifunga kwa vitenge vitatu nikaipakata kama mtoto. Tulipofika mlimani juu ya Mto wa Mbu, gari likachemka, ikabidi tushushe mizigo lipande likiwa tupu. Tulibeba rili mbili za tepu kwenye kikapu. Nikakiweka kikapu juu ya jiwe, nikageuka kusukuma gari, na nilipogeuka tena nyani alikuwa ameshakifungua. Alidhani ni mikate. Akachukua rili moja, akapanda nayo juu ya mwamba, akaivuta yote mpaka mwisho, mita kwa mita, huku anatutazama usoni. Mzee Zuberi alivua kofia. "Haya," akasema, "tumebaki na rili moja. Huko mbele hakuna kurudia."

Shambani tuliwakuta wanatusubiri wamevaa mashati ya kanisani. Kiongozi wao aliitwa Paskali, Mwiraqw wa Buger, fundi wa matrekta, mpole, mrefu, gitaa lake amelifunga waya za breki ya baiskeli kwa sababu nyuzi za dukani hazikupatikana. Mpiga ngoma alikuwa Athumani, Mnyaturu wa Singida aliyekuja kuchuma kahawa akabakia, mtu wa maneno mengi. Ngoma zake zilikuwa pipa la oili lililowambwa ngozi ya mbuzi, na kipande cha madigadi ya lori badala ya toazi.

"Dada fundi," Athumani akaniambia, "usiguse hiyo madigadi. Ni ya lori la msimamizi, hajajua bado."

Studio yetu ikawa ile gereji. Tulitundika magunia ya kahawa kuta zote ili bati lisirudishe mwangwi. Mzee Zuberi alipiga makofi kila kona, akasikiliza, kisha akamwambia Paskali ashuke kwenye lile shimo la kutengenezea magari, aimbie humo. Wote wakacheka, lakini sauti ilipotoka shimoni ilikuwa na kina ambacho hakuna kompyuta iliyowahi kunipa. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya mashine ya kumenyea kahawa. Jenereta hiyo ilikuwa imechoka, tepu ikawa inakwenda taratibu kidogo bila sisi kujua, na ikipigwa kwa mwendo wa kawaida sauti inapanda. Ndiyo maana upande wa kwanza wa santuri Paskali anaimba kwa sauti nyembamba kama kijana ambaye ndevu hazijaota. Kosa hilo ni la Mzee Zuberi, na alilikiri mpaka kufa kwake. Langu ni lile jingine.

Tulipokuwa tayari, Paskali akapanda kutoka shimoni, akasema bado kidogo, wanamsubiri babu. Mzee Zuberi akauliza babu anapiga chombo gani. Paskali akasema hapigi chombo. Jambo jipya kwao halianzi hivi hivi tu, mzee anatangulia kuliombea. Babu yake, Aako Tluway, aako ndiyo babu kwa Kiiraqw, alikuwa ametoka Buger alfajiri kwa miguu pamoja na watu wa ukoo. Tukawaona wanaingia uani, yeye mbele, amejifunga shuka jeusi begani, fimbo mkononi, macho yake meupe kidogo lakini hatua zake imara.

"Nitatumia sauti yake kupima mitambo," Mzee Zuberi akaninong'oneza, akawasha tepu.

Basi mzee akaanza. Wairaqw maombi yale huyaita slufay, hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilisikia tu sauti ya mzee inatoka polepole, mstari mmoja, halafu wote waliokuwa pale, watu wa ukoo, akina mama wachambuaji kahawa, mafundi wenyewe, wanaitika kwa pamoja, sauti ya chini inayotoka kifuani na kukaa hewani. Kisha mstari mwingine. Wakaitika. Athumani hakujua Kiiraqw hata cha kuombea maji, naye alikuwa anaitika. Dakika mbili zikapita, tatu, nne. Mzee Zuberi akaweka kidole kwenye swichi, akamtazama Paskali.

Paskali akatikisa kichwa. "Mzee akishaanza hakatishwi, baba."

Kidole kikaondoka. Tepu ikaendelea mpaka mzee alipomaliza mwenyewe, akashika njia ya kurudi Buger.

Wimbo wa kwanza, "Ester wa Mbulumbulu", uliingia mara moja tu, safi. Ester alikuwa mtu kweli, alisimama mlangoni na kilemba cha bluu, anatazama chini. Wimbo wa pili ulikuwa unapendeza zaidi. Ulifika katikati, Athumani ndiyo kwanza anapamba moto, na rili ikaisha. Utepe ukawa unapiga pwa, pwa, pwa kwenye mashine. Athumani aliendelea kupiga peke yake mpaka mwisho, kwa heshima ya wimbo.

Kurudi Arusha, Mzee Zuberi naye akashikwa na homa ya Bwana Kasam. Kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa Nairobi, na basi la kupeleka tepu lilikuwa linaondoka Ijumaa. Bwana Kasam akaja chumbani kwangu amejifunga blanketi.

"Upande wa kwanza upo. Upande wa pili?"

"Wimbo wa pili umekatika, Bwana. Yapo maombi ya babu."

"Weka babu. Watu wa huko watanunua kwa ajili ya babu. Lakini dakika tatu na nusu, Yudita, haiingii zaidi."

Maombi yalikuwa dakika sita. Ningeweza kupunguza mistari, lakini nilimwogopa yule mzee. Nikajiambia, maneno yake sitayagusa hata moja. Nikasikiliza tena na tena kwa siku tatu, mpaka nikayajua maneno yote kwa sauti bila kujua maana ya hata moja. Na hapo ndipo nilipojiona hodari. Niliona kwamba kati ya mstari na mstari kuna ule mwitikio, unaofanana mara zote, unaokula muda. Huo si maneno, nikasema. Hiyo ni kelele ya uani. Nikachukua wembe nikatoa mwitikio wa kwanza. Nikaunganisha. Babu akaruka toka mstari hadi mstari kama msomaji wa taarifa ya habari. Nikatoa wa pili. Nikatoa yote kumi na tisa. Dakika tatu na sekunde ishirini, jamani! Niliimba siku nzima. Vipande nikaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, angalau amri hiyo niliitii, ila sikuviandika namba. Paskali sikumwita. Basi lilikuwa Ijumaa.

Jumatatu Mzee Zuberi alirudi, akataka kusikia nakala niliyobakiza. Alisikiliza kichwa kimeinama. Babu alipomaliza, akavua miwani.

"Watu wako wapi?"

"Watu gani, mzee?"

"Waliokuwa wanamwitika. Binti, huyu sasa anaomba peke yake."

Nikasema itakuwa haina neno, nani atajua. Alinitazama hivi, hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Nakala ile akaifuta, tepu zilikuwa adimu na kwaya ya watu ilikuwa inasubiri mlangoni.

Santuri zilirudi zikiwa na picha ya spana mbili zimepishana. Karatu walizipokea kwa shangwe, tukasikia kila baa inapiga "Ester". Miezi michache baadaye mpaka wa Kenya ukafungwa, na tepu yetu mama, ile niliyoikata, ikabaki Nairobi. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Nilikuwa na kwaya, nilikuwa na taarabu ya watu wa Moshi, nilikuwa na mchumba.

Kisha siku moja mchana Paskali akashuka mbele ya duka kutoka kwenye lori la vitunguu vya Mang'ola. Alinukia vitunguu, amekonda. Nikamletea chai. Hakuigusa.

"Dada Yudita, sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kukuuliza kama unaweza kuwarudisha watu."

Akanieleza. Santuri ilipofika Buger, walimpigia babu upande wake. Babu akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba apigiwe tena. Akasikiliza tena, kisha akasema, maombi yangu hayajaitikiwa. Wakamwambia, lakini Aako, siku ile tuliitika sote, wewe mwenyewe ulisikia. Akajibu kwamba siku ile ilipita na watu wake, lakini hiki ndicho kitakachobaki, na humu ndani yuko peke yake, anaomba na hakuna mtu. Tangu hapo alikataa kuombea jambo lolote. Jirani kajenga nyumba, kakataa. Mbegu zinaingia shambani, kakataa. Alikuwa anasema, yale ya kwanza bado yanangoja, nitaanzaje mengine?

"Na mimi nataka kumwoa Ester," Paskali akasema. "Padri yuko tayari. Ng'ombe wameshatoka. Lakini baba yangu hawezi kutoka nyumbani kwenda harusini kama Aako hajafungua kinywa, na baba yake Ester naye ni hivyo hivyo. Na Aako anazeeka, dada. Mwezi huu hatembei vizuri. Akiondoka hivi, mimi ndiye niliyemfunga mdomo, kwa ajili ya gitaa."

Akaanza kulia. Mwanaume mrefu vile, kofia mkononi, katikati ya vitambaa vya Bwana Kasam. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbilia kopo langu, nikalimimina mezani, vipande kumi na tisa vya utepe wa kahawia. Nikajaribu kueleza kwamba nitatoa sauti kwenye santuri, niirudishe kwenye tepu, nipachike. Mzee Zuberi akachukua kipande kimoja, akakigeuza.

"Hiki ni cha mstari wa ngapi?"

Sikujua. Nilivisikiliza vyote, kimoja kina mtoto anakohoa, kimoja kina jogoo, vingine vyote sawa. Ningeweza kuwapachika watu hovyo hovyo, lakini aibu niliyokwishaipata ilitosha.

"Nenda kwake," Mzee Zuberi akasema. "Chukua gramafoni ya betri. Kamwambie ulichofanya. Ukifika utajua."

"Na kama sitajua, mzee?"

"Basi utakuwa umeomba radhi, na hiyo nayo ni kazi."

Nikaenda. Lori la vitunguu lilikuwa linarudi tupu. Kutoka Karatu tukatembea, Paskali kabeba gramafoni kichwani, mimi nimebeba santuri kifuani na kopo mkononi, pamoja na kilo mbili za sukari alizonipa Bwana Kasam, ambaye mkono wake haukuwa mwepesi wa kutoa. Athumani alijiunga nasi kwenye njia panda. "Mimi niliitika bila kujua lugha," akasema, "huenda ni mimi niliyeharibu." Alisema kwa utani, lakini alikuwa na wasiwasi kweli.

Aako Tluway alikuwa ameketi nje, juani, juu ya kigoda, shuka lile lile jeusi. Watu wa boma na majirani walikusanyika, kwa sababu habari ilishatangulia. Nikamwamkia. Nikapiga magoti nikamweleza yote, Paskali akitafsiri. Sikujikosha. Nilisema, mimi ndiye niliyewatoa watu. Nilidhani ni kelele. Sikuuliza.

Akauliza kitu. "Anasema, uliwapeleka wapi?" Paskali akatafsiri.

Nikafungua kopo. Mzee akaingiza vidole, akatoa kipande, akakivuta, akakinusa, akakiinua juu kwenye jua. Akasema neno, na watu wakaanza kucheka taratibu.

"Anasema, hawa ndio ninyi? Mbona mmekonda hivi?"

Nami nikacheka, machozi yananitoka. Kisha mzee akaacha kucheka, akaonyesha gramafoni kwa fimbo. Piga.

Nikaweka santuri, nikashusha sindano upande wa pili. Sauti yake ikatoka, mstari wa kwanza. Watu waliokuwa pale wakaitika, bila mtu kuwaambia, ni desturi iko kwenye miili yao. Lakini santuri haikungoja. Mstari wa pili ulishapita chini ya mwitikio wao, wa tatu ukaingia, wengine wakaitika wakachelewa, wengine wakanyamaza, mtoto akauliza kitu kwa sauti. Ikawa vurugu. Aako akainamisha kichwa.

Mkono wangu ulitangulia kabla ya akili. Nilirudisha sindano mwanzo. Mstari wa kwanza ukapita, nikasikia ile tik yangu, kiungo changu mwenyewe, na palepale nikainua sindano.

Kimya. Halafu watu wakaitika. Wote kwa pamoja, sauti ya chini, kutoka kifuani, mpaka ikaisha yenyewe.

Nikashusha sindano. Mstari wa pili. Tik. Nikainua. Wakaitika.

Jueni kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyejua mahali pa kuinua. Paskali alijua lugha, lakini santuri ilikimbia kuliko mkono wake. Mimi lugha sikuijua, lakini kila kiungo nilikikata kwa mkono huu. Nilikuwa najua pumzi zote za yule mzee. Mara nyingine nilishusha sindano nyuma kidogo, neno likajirudia, akina mama wakacheka, tukaendelea. Kila nilipoinua ilikwaruza kidogo. Mstari wa saba jasho lilikuwa linaniingia machoni, Athumani akanifuta kwa kofia yake kama nesi. Mstari wa kumi na mbili Aako aliinua kichwa. Mstari wa kumi na tano akawa anasema pamoja na sauti yake mwenyewe, mzee wa leo na mzee wa gereji, na watu wanawaitika wote wawili. Wa kumi na tisa wakaitika kwa muda mrefu kuliko yote, sikuwahi kusikia kitu kama kile na sijasikia tena.

Nikaondoa sindano.

Aako akasema, Paskali akatafsiri kwa shida, "Sasa imefika." Halafu akasema jingine. "Anasema, geuza. Anataka kuusikia huo wimbo wenyewe, hajawahi kuusikia." Ni kweli, jamani. Santuri nzima ilitengenezwa chini ya maombi yake, na hakuna aliyekumbuka kumpigia. Nikageuza. "Ester wa Mbulumbulu" ikaanza, sauti nyembamba ya Paskali ikatoka. Mzee akasikiliza, akamtazama mjukuu wake, akauliza ni msichana gani huyu anayeimba. Athumani alianguka chini kwa kicheko.

Kabla hatujaondoka, Aako Tluway aliinuka kwa fimbo yake akasimama. Akafungua kinywa. Paskali akanishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "Ni harusi. Anaombea harusi." Sikuwa na mashine, sikuwa na tepu. Nilikaa chini kama wengine, na nilipojua mahali pa kuitika, nikaitika.

Kopo la vipande mzee alilibakiza, sikuthubutu kuliomba. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya themanini, vitukuu wake wawili wa kwa Paskali wakiwa wameshaanza kutambaa. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa nilikwenda Nairobi mwenyewe kuitafuta ile tepu mama, nikaambiwa kila kitu cha zamani kilishasafishwa. Spana Jazz ilikwisha kimya kimya, Athumani alirudi Singida, Paskali ana gereji yake Karatu mjini anatengeneza magari ya watalii. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, kaseti, sidii, na hizo kompyuta zenu. Nilikata maelfu ya sauti. Lugha nisiyoijua sikuikata tena bila mwenyewe kukaa kitini, na mlinicheka kwa hilo, mkaniita Mama Kiti. Mlidhani sijui.

Kwa hiyo Neema, santuri uliyonayo mezani ndiyo ile ile niliyoibeba kifuani. Nakala nyingine zote ziko laini, yangu ndiyo yenye mikwaruzo. Usiisafishe. Iingize kwenye kompyuta kama ilivyo, na kwenye maelezo yake uandike hivi: upande wa pili usipigwe mfululizo. Ukisikia mkwaruzo, simamisha, ungoje. Kama yuko mtu wa Buger karibu ataitika mwenyewe. Kama hayupo, mwanangu, itika wewe.